Kigali, Mji wa Nakshi Zisizouzwa

Mtu anayeanza kujifunza kudarizi kwa mshono wa msalaba huhitaji vitu vinne: sindano, uzi, kitambaa na mchoro. Vitatu vya kwanza havina shida kubwa. Sindano na uzi hupatikana sokoni, na kitambaa kinaweza kukatwa kutoka katika nguo iliyokwisha kutumika. Kinachowakwamisha wengi ni mchoro. Vitabu vya michoro hutoka ng'ambo, bei yake si ya mtu anayejaribu tu mkono wake, na mara nyingi kurasa zake zimejaa maua yasiyoota kwetu na nyumba zilizofunikwa na theluji. Mwanafunzi hutazama, hukosa hamu, na sindano hurudishwa mkebeni.

Wasomaji wanaoufahamu mshono huo watakumbuka kwamba kila mshono ni alama ndogo ya kuzidisha, yaani nyuzi mbili fupi zinazokatizana, na kwamba picha nzima hujengwa kwa kuhesabu alama hizo safu baada ya safu. Kwa sababu hiyo mchoro wake hauhitaji mtu aliyejaliwa kipaji cha kuchora. Huhitaji karatasi ya miraba, kama ile ya daftari la hesabu la watoto wa shule, na jicho linalojua mahali pa kutazama.

Kigali, mji mkuu wa Rwanda, ni shule njema ya jicho hilo. Nakshi za kuhesabika zimejaa kutani, vikapuni na mikekani, na mgeni mwenye penseli anaweza kukusanya michoro ya kumtosha mwaka mzima bila kulipa hata faranga moja. Hata hivyo, kitu kisicholipiwa chaweza kuwa na mwenyewe, na katika nchi ile jambo hilo lina uzito wa pekee. Yafaa mdarizi alijue kabla hajafungua daftari lake.

NJIANI KUTOKA RUSUMO

Msafiri atokaye Tanzania kwa basi huingia Rwanda katika daraja la Rusumo, kwenye maporomoko ya Mto Kagera. Mambo mawili humjulisha mara moja kwamba amevuka mpaka. Kwanza, magari huhamia upande wa kulia wa barabara. Pili, mifuko ya plastiki hairuhusiwi. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na tangu hapo vitu vidogo hutiwa katika mifuko ya karatasi au ya kitambaa. Mdarizi na aukumbuke mfuko wa kitambaa, kwa maana ndio kazi ya kwanza tutakayoipendekeza baadaye.

Baada ya mwendo mfupi kutoka mpakani, basi hupita Nyakarimbi katika wilaya ya Kirehe. Hapa ndipo chimbuko la nakshi zinazojulikana sana nchini Rwanda, ziitwazo imigongo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri: neno hilo maana yake ni migongo, kwa sababu michoro yake huinuka juu ya ubao kama migongo ya matuta shambani. Fundi huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, huubandika mchanganyiko huo ubaoni, huuinua kwa vidole kufuata mistari aliyoichora, huuacha ukauke, kisha huulainisha na kuupaka rangi. Rangi za asili ni nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nyeupe na nyekundu hutokana na udongo. Nyeusi hutayarishwa kwa majivu na utomvu wa mimea. Masimulizi ya watu wa Gisaka, ufalme wa zamani wa sehemu zile za mashariki, husema kwamba aliyeanzisha nakshi hizo ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyetaka kuta za ndani ya nyumba yake zipendeze.

Mwaka 1994 ufundi huo ulikaribia kutoweka. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi watu wapatao milioni moja waliuawa nchini Rwanda, na sehemu za Kirehe hazikusalimika. Huko Nyarubuye maelfu waliuawa kanisani walikokimbilia. Pamoja na watu, nchi ilipoteza maarifa yaliyokuwa mikononi mwao. Waliouinua tena ufundi wa imigongo ni akina mama, wengi wao wajane, waliojiunga katika chama cha ushirika huko Nyakarimbi na kuanza kufinyanga upya mistari waliyoikumbuka. Kwa hiyo mgeni anapoutazama ubao mmoja wa imigongo aelewe kwamba mistari ile ingaliweza kutokuwapo kabisa. Ipo kwa sababu kuna watu waliokataa kuisahau.

Kwa mdarizi, imigongo ina fadhila moja kubwa. Umbo lake ni la mistari iliyonyooka na pembe: mistari ya kwenda juu na chini kama safu ya milima, almasi zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na pembetatu zinazotazamana. Maumbo hayo yote huingia katika miraba ya daftari bila kulazimishwa. Mstari wa mshazari ni mraba mmoja juu na mraba mmoja kando, basi. Imigongo ya duara na ya kuzunguka kama konokono ni migumu zaidi, kwa sababu mviringo katika mshono wa msalaba hugeuka kuwa ngazi. Anayeanza aiache mpaka mkono wake ukomae.

KUHESABU KIKAPU

Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kilomita zipatazo 160. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ukawa mji mkuu mwaka 1962 nchi ilipopata uhuru. Umetandazwa juu ya vilima, na barabara zake hupanda na kushuka mfululizo, kiasi kwamba mgeni akisimama juu ya kilima kimoja huona mji uliobaki umepangwa mbele yake kwa matabaka, kama mistari ya imigongo yenyewe. Pikipiki za abiria ni nyingi, na abiria huvalishwa kofia ngumu. Mgeni akumbuke pia kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za kujenga taifa. Asubuhi hiyo maduka hufungwa, na haifai kuipanga kuwa siku ya kuzungukia masoko.

Soko linalomfaa mdarizi kuliko mengine ni Kimironko. Upande mmoja zimo ndizi, viazi na maharage. Upande mwingine vitenge vimetundikwa kutoka juu hadi chini, na mafundi cherehani wamekaa kwa safu, tayari kupima na kukata. Hapo mtu hupata vitambaa, uzi na sindano. Hapo pia, na katika maduka ya kazi za mikono mjini, hukutana na mwalimu wake wa pili, ambaye ni kikapu.

Kikapu cha Rwanda kinachotajwa zaidi huitwa agaseke. Ni kikapu kidogo chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, na hutumika kuchukulia zawadi katika harusi na sherehe nyingine. Heshima yake ni kubwa hata kimewekwa katika nembo ya taifa, pamoja na suke la mtama na tawi la mbuni. Baada ya mwaka 1994 kilipata maana nyingine. Wanawake wajane na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani kwa kushtakiwa mauaji walikaa mahali pamoja na kusuka, na vikapu vyao vikaitwa vikapu vya amani. Kuanzia mwaka 2005 vilifika hata katika maduka ya Macy's nchini Marekani, na fedha zake zikalipia karo, dawa na mabati ya nyumba.

Agaseke hutengenezwa kwa kuzungusha kichane cha majani na kukishona kwa sindano na uzi wa katani, duru juu ya duru, kuanzia kitako. Jambo hilo ndilo linalomfaa mdarizi. Kila duru ni sawa na safu moja ya miraba katika daftari, na kila mshono wa rangi ni sawa na mraba mmoja. Anayetaka kunakili nakshi ya kikapu achague mahali inapoanzia, ahesabu mishono ya rangi nyeusi katika duru ya chini, aijaze miraba hiyo kwa penseli, kisha apande duru ya pili, na ya tatu, mpaka nakshi irudie mwanzo wake. Ikisharudia, kazi imekwisha. Kilichobaki ni marudio tu. Nakshi ambayo kwa macho ilionekana kuwa fumbo mara nyingi huwa haizidi miraba 20 kwa upana.

Kuna onyo moja. Nakshi ihesabiwe katika ubavu wa kikapu, wala si katika kifuniko. Kifuniko hupungua kadiri kinavyopanda, hivyo idadi ya mishono hupungua katika kila duru, na mstari unaoonekana kupinda kwa madaha kileleni huharibika ukilazwa juu ya kitambaa kilicho bapa. Ubavu ulionyooka haumdanganyi mtu.

Aliye na nafasi ya kusafiri kusini, na afike Huye, kwenye Jumba la Makumbusho ya mila za Rwanda lililofunguliwa mwaka 1989. Humo vimewekwa vikapu, mikeka na insika, zile kuta za matete zilizosukwa ili kugawa vyumba katika nyumba za zamani. Insika husukwa kwa rangi mbili tu, na kwa hiyo ni mchoro mzuri sana kwa mtu ambaye bado anachanganya nyuzi zake. Njiani kuna Nyanza, iliyokuwa makao ya wafalme, ambako nyumba ya mfalme ya nyasi imejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani, na kazi ya usukaji huonekana humo toka mlangoni hadi kileleni.

MAZUNGUMZO YA NYAMIRAMBO

Mgeni anayezungumza Kiswahili hatajiona mpweke Kigali. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na zamani sana kabla ya hapo kilikuwa lugha ya mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, walikokaa wafanyabiashara na Waislamu waliotoka pwani na bara. Huko husikia adhana, hunusa mishikaki na chapati, na huulizwa habari za Dar es Salaam kana kwamba ni mtaa wa pili. Huko pia kuna Nyamirambo Women's Center, kituo kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake 18 waliotaka kusoma na kujifunza kazi, na ambacho leo hushona mifuko, nguo na vifaa vya nyumbani kwa ajili ya kuuza.

Katika kibanda kimoja cha mtaa huo nilimkuta mama mtu mzima akisuka, huku vikapu vyake vimepangwa juu ya mkeka. Nilimwamkia, naye akaitikia kwa Kiswahili cha Kigali, chenye lafudhi ya vilimani. Nikamwomba ruhusa ya kuhesabu nakshi ya kikapu kimoja.

"Unataka kukinunua?" akauliza.

"Hapana, mama. Nataka kuiandika nakshi yake nikaidarizi katika kitambaa."

Alikitazama kikapu, akalitazama daftari langu, akanisogezea kigoda.

"Kuhesabu hakulipiwi, mwanangu. Mimi mwenyewe nilihesabu kwa mama yangu. Keti uhesabu."

Nikahesabu. Nilipofika duru ya tano alinyosha kidole na kunionyesha kwamba nimeruka mshono mmoja. Kisha, bila kuinua macho kutoka katika kazi yake, akaongeza: "Lakini wakikuuliza umeitoa wapi, usiseme umeiota."

Maneno hayo machache yanatosha kuwa sheria ya mdarizi. Nakshi za kale, zile za milima na almasi ambazo kila nyumba ilikuwa nazo, hazina mtu mmoja anayeweza kudai malipo yake. Mtu huzihesabu kama vile mtoto anavyojifunza wimbo wa kwao. Kinachodaiwa ni kusema zilikotoka. Hali ni tofauti kwa kazi ya fundi aliye hai, ambaye amekaa, akafikiri, akabuni picha yake mwenyewe na kuitia sahihi. Hiyo ni mali yake kama gunia la mahindi lililomo ghalani mwake. Kuinakili na kuiuza ni kumwondolea chakula mezani, hata kama aliyeinakili hakuingiza mkono katika mfuko wa mtu.

Basi mgeni afuate desturi tatu. Aombe ruhusa kabla ya kuhesabu au kupiga picha. Akikaa muda mrefu katika duka la mtu, anunue kitu, japo kidogo, kwa maana amechukua nafasi ya mteja. Na nyuma ya kila karatasi aandike mahali alipoipata nakshi na tarehe. Miaka ikipita, daftari lake litakuwa kumbukumbu badala ya kuwa rundo la michoro isiyo na asili.

MICHORO YA VITABUNI

Wapo watakaosema kwamba si kila mtu aweza kufika Kigali. Ni kweli, na wale walioko Kigali pia hawawezi kushinda sokoni kila siku. Kwa hao, vitabu vya kale ni hazina nyingine isiyolipiwa. Desturi ya kuchapa michoro ya kudarizi juu ya miraba ni ya zamani. Ujerumani ilikuwa na vitabu vya namna hiyo tangu miaka ya 1520, na mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa Berlin walianza kuuza karatasi za miraba zilizopakwa rangi kwa mkono, mraba mmoja kwa mshono mmoja, kama tunavyofanya leo. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont alitoa kitabu chake kikubwa cha kazi za mikono, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mwalimu wa wadarizi katika nchi nyingi. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1890. Haki za kazi zake zimekwisha muda wake, na mtu yeyote aweza kuinakili michoro yake bila kumkosea mtu.

Vitabu hivyo vimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, ambako husomwa bure. Mkusanyiko uitwao Antique Pattern Library una vingi vya namna hiyo. Asiye na simu ya kufaa aweza kwenda Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mtaani Kacyiru mwaka 2012, akatumia kompyuta na kuhamisha mchoro kwa penseli. Watengenezaji wakubwa wa nyuzi, kama vile DMC ya Ufaransa, nao hutoa michoro bila malipo, kwa kuwa faida yao imo katika nyuzi zitakazonunuliwa.

Anayeanza ajihadhari na mambo mawili. La kwanza ni michoro ya wabunifu wa leo inayogawanywa na watu wasiokuwa wenyewe. Hiyo hutolewa bure kwa sababu imeibwa, na mpokeaji anajua au anapaswa kujua. Ishara yake ni rahisi: mchoro umekatwa mahali palipokuwa na jina la mwenye kuubuni. La pili ni programu zinazogeuza picha ya uso wa mtu au mandhari kuwa mchoro wa miraba. Mashine haijui kubagua kilicho muhimu na kisicho muhimu. Hutoa rangi 40 au 50, na kutawanya mishono ya rangi moja moja kila mahali, hata mwenye mazoea huchoka. Mchoro wa kwanza uwe na rangi mbili, au tatu zikizidi. Imigongo ilikwisha kulijua hilo zamani.

KAZI YA KWANZA

Sasa tuchukue daftari la hesabu na kufanya kazi. Tutatengeneza utepe wa milima kwa mtindo wa imigongo, wa kupamba mfuko wa kitambaa wa kwendea sokoni.

Weka alama katika mraba wa chini kushoto. Panda mraba mmoja juu na mmoja kulia, uweke alama ya pili. Endelea hivyo mpaka uwe na miraba 7 iliyopanda. Kisha shuka kwa namna hiyo hiyo, mraba mmoja chini na mmoja kulia, mara 5. Hatua ya sita ingekurudisha chini kabisa, na huo ndio mwanzo wa mlima wa pili. Kwa hiyo mlima mmoja huchukua miraba 12. Ili mstari uwe mnene, jaza miraba miwili juu ya kila alama, kila safu wima iwe na miraba 3. Huo ni mstari mweusi. Acha nafasi ya miraba miwili juu yake, urudie mlima huo huo kwa uzi mwekundu. Nyeupe itakuwa ni kitambaa chenyewe.

Sasa vipimo. Kitambaa cha vitundu kiitwacho aida, cha kipimo cha kawaida, huwa na vitundu vya mishono 14 katika kila inchi. Milima 7 ni miraba 84, na 84 ukigawa kwa 14 ni inchi 6. Ongeza mraba mmoja mwishoni ili mlima wa mwisho ufike chini. Mstari mmoja utakuwa na misalaba 255, na miwili 510. Mtu mwenye shughuli za nyumbani akishona nusu saa kila jioni ataumaliza bila kuhisi mzigo.

Kitambaa cha aida kisipopatikana, kazi isisimame. Tafuta kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi nene ambazo macho yanaweza kuzihesabu, uchukue nyuzi mbili kwa mbili kuwa mraba mmoja. Kwa mazoezi, hata kipande cha gunia la juti lililofuliwa kinafaa. Msalaba wake utakuwa mkubwa, na mtoto wa shule ataweza kushiriki. Kabla ya kuanza, hesabu nyuzi za inchi moja kwa urefu na za inchi moja kwa upana. Zikitofautiana sana, milima yako itakuwa mirefu au mifupi kuliko ulivyoichora, na ni heri kulijua hilo mapema.

Uzi wa kudarizi huwa umesokotwa kwa nyuzi 6 nyembamba. Kata kipande cha urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni, ukivute nyuzi 2, utie katika sindano butu. Kunja kitambaa mara mbili upate katikati yake, na katikati ya mchoro ndiyo iwe mwanzo wa kazi. Ibuka chini kushoto, zama juu kulia. Ibuka chini kulia, zama juu kushoto. Uzi wa juu ulale upande mmoja katika misalaba yote. Hii ndiyo siri ya kazi inayong'aa, na mtu akiibadilisha katikati ya safu, jicho litaiona hata kutoka mlangoni. Usifunge fundo. Acha mkia mfupi nyuma, uufunike kwa mishono ya mwanzo. Na mwishoni pitisha uzi chini ya mishono minne au mitano, ndipo ukate.

NAKSHI ZA NYUMBANI

Atakayeumaliza utepe huo ataanza kuona michoro pale ambapo zamani aliona vyombo tu. Ataiona katika ukili wa mikeka ya Pemba, unaosukwa kwa rangi zinazopishana na kuhesabika moja kwa moja. Ataiona katika vikapu vya milulu vya Iringa, katika viondo vya Ukambani, na katika kofia za Unguja ambazo wake na dada wamezidarizi kwa vizazi vingi, tundu kwa tundu. Zote hizo zimo majumbani mwetu, na bibi aliyezisuka pengine bado yu hai na anaweza kuulizwa.

Na aulizwe mapema. Rwanda imetuonyesha jinsi maarifa ya mikono yanavyoweza kukatika katika muda wa siku 100 tu, na jinsi ilivyo kazi ngumu kuyaunga upya kwa kumbukumbu za wachache waliosalia. Sehemu nyingine hukatika polepole, bila vita, kwa sababu tu hakuna aliyeketi na kuhesabu. Penseli na daftari la miraba ni vifaa vidogo, lakini nakshi iliyokwisha kuandikwa, pamoja na jina la mahali ilikotoka, inaweza kusomwa na mtoto ambaye bado hajazaliwa.